Presha na Miguu Yetu: Dawa Isiyouzwa Dukani

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimeishika kalamu niwazungumzie ugonjwa mmoja ambao umepiga hodi katika nyumba nyingi za mtaa wetu wa Kibarani, na nyingine umeingia bila hata kubisha. Madaktari wanauita shinikizo la damu. Sisi mtaani twauita presha.

Najua wako wenzangu watakaofunua ukurasa huu haraka haraka na kusema, "Ah, hayo ni maradhi ya wazee, mimi nina miaka kumi na sita yanihusu nini?" Subiri kwanza, ndugu yangu. Huyo mzee mwenye presha ndiye babako anayekulipia karo. Ndiye mamako anayeamka alfajiri kukaanga mahamri. Ndiye mwalimu aliyesimama mbele yako na chaki mkononi. Yeye akianguka, wewe ndiwe utakayebaki nyumbani kumuuguza. Kwa hivyo yakuhusu, tena sana.

PRESHA NI NINI HASA?

Tulipokuwa kidato cha pili tulifunzwa katika biolojia kwamba moyo ni pampu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kama mara 70 kwa dakika moja. Ukipiga hesabu utapata zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Kila dakika husukuma damu kiasi cha lita 5. Chukua lile dumu la lita 20 tunalochotea maji. Moyo wako ungelijaza kwa dakika 4 tu, kisha ukaanza jingine, usiku na mchana, bila likizo wala Sikukuu.

Damu hiyo inapopita ndani ya mishipa huzisukuma kuta zake. Msukumo huo ndio shinikizo. Kwa hakika kila mtu aliye hai ana presha. Asiyekuwa nayo ni maiti. Tunaposema "fulani ana presha" maana yetu ni kwamba imepanda kupita kiasi.

Ukipimwa utaambiwa namba mbili, kwa mfano 120 juu ya 80. Namba ya juu ni shinikizo wakati moyo unabana kuisukuma damu. Ya chini ni wakati moyo umelegea kungoja damu nyingine. Kipimo chake ni milimita za zebaki. Wanafizikia wenzangu, hapa ndipo pazuri: zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6. Zidisha 120 kwa 13.6 upate 1,632. Maana yake moyo una nguvu za kuyainua maji ndani ya bomba hadi zaidi ya mita 1.6, yaani kimo cha mtu. Presha ikifika 180, maji hayo yangepanda zaidi ya mita 2.4, karibu yagonge dari la nyumba. Sasa fikiria mishipa myembamba ya ubongo ikigongwa kwa nguvu hizo mara 100,000 kwa siku, mwaka baada ya mwaka.

Wa kwanza kupima jambo hili alikuwa Mwingereza Stephen Hales, ambaye mnamo 1733 alichapisha habari za jinsi alivyoingiza bomba la kioo katika mshipa wa farasi akaona damu ikipanda zaidi ya futi 8. Bahati yetu sisi hatupimwi hivyo! Mwaka wa 1896 Mtaliano Scipione Riva-Rocci alitengeneza ule mkanda wa kufunga mkononi, na mwaka wa 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kusikiliza mshipa kwa chombo cha daktari wakati mkanda unapolegezwa. Mpaka leo njia hiyo ndiyo inayotumika katika zahanati nyingi.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu ana ugonjwa wa shinikizo la damu ikiwa amepimwa siku mbili tofauti na kila siku namba ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini ikawa 90 au zaidi. Siku moja haitoshi. Huenda siku hiyo ulipanda ngazi mbio, au ulimwogopa daktari, au ulikunywa kahawa chungu.

UGONJWA USIOSEMA

Malaria hukutetemesha, jino hukuliza usiku kucha. Presha hunyamaza. Mtu hula, hucheka, huenda kazini, na huku mishipa yake inaumia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na ugonjwa huu, na karibu nusu yao hawakujua. Hapa kwetu Kenya, uchunguzi wa serikali wa mwaka wa 2015 uligundua kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha iliyopanda. Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba watu 56 katika kila 100 walisema hawajawahi kupimwa hata mara moja maishani.

Nyanyangu alikuwa mmoja wa hao. Asubuhi moja alikuwa jikoni akipepea moto wa makaa, mara kipepeo kikamwanguka. Akajaribu kukiokota, mkono wa kulia ukakataa. Mdomo ukaenda upande na maneno yakawa hayaeleweki. Majirani walijaa uani, na kila mmoja alikuwa na lake. Wengi walisema amepigwa na upepo mbaya. Akapelekwa kwa mtu wa kumwandikia kombe, akanyweshwa, akafukizwa ubani. Hospitali alifikishwa siku ya pili.

Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba mishipa ya ubongo ilikuwa imechoshwa na presha kwa miaka mingi. Akaeleza pia kwamba saa za mwanzo ndizo za kuuokoa ubongo. Nashukuru Mungu nyanya yu hai, anatembea kwa mkongojo na maneno yamerudi. Lakini mkono ule uliokuwa ukisuka ukili na kusonga ugali wa watu kumi mpaka leo haufungi kifungo cha nguo. Kwa hivyo, msomaji, ukimwona mtu uso umependa upande mmoja, mkono umelegea, au ulimi umekuwa mzito ghafla, kimbia hospitali kwanza. Dua unaweza kuisoma mkiwa ndani ya gari.

TULIFIKAJE HAPA?

Je, mababu zetu nao walikuwa na presha? Swali hili lina jibu, na jibu lenyewe limetoka papa hapa Kenya.

Mwaka wa 1929, daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la madaktari liitwalo Lancet habari za kazi yake katika hospitali ya wenyeji huko Kavirondo Kusini, sehemu za Kisii na Nyanza ya kusini. Kwa muda wa kama miaka miwili alipokea wagonjwa wapatao 1,800 na hakuona hata mmoja mwenye presha iliyopanda. Alipowapima wanaume 1,000 aliona tena ajabu: kule Ulaya presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka, lakini kwa watu wale haikupanda uzeeni.

Miaka hamsini na zaidi ikapita. Katika miaka ya 1980, Dkt. Neil Poulter na wenzake walifuatilia Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta maisha Nairobi. Wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990. Waliohamia jijini presha yao ilianza kupanda mapema, katika miezi ya mwanzo tu. Damu ni ile ile, kabila ni lile lile, kilichobadilika ni maisha. Jijini walikula chumvi nyingi zaidi, wakapata madini ya potasi kidogo, wakaongezeka uzito, na mioyo yao ikapiga haraka zaidi.

Nami sisemi kwamba mazoezi peke yake ndiyo yaliyokosekana. Chumvi ina kesi yake ya kujibu. Lakini tazama maisha yetu hapa Kibarani. Mtu akitoka mlangoni anaita bodaboda impeleke hatua mia mbili. Akitoka kwenye boda anaingia matatu ya kwenda mjini. Akifika Mwembe Tayari anapanda tuktuk. Kazini anaketi kutwa. Jioni anarudi kwa njia ile ile, anaketi mbele ya televisheni, halafu analala. Miguu imebaki ya kuvalia viatu.

Kuna hadithi ya kweli kuhusu jambo hili. Mwaka wa 1953 daktari Jeremy Morris wa London na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva na kondakta walifanya kazi ndani ya basi moja, wakavuta hewa moja na kukutana na abiria wale wale. Tofauti ni kwamba dereva aliketi kutwa, naye kondakta alipanda na kushuka mamia ya ngazi kila siku akikata tikiti. Ikaonekana kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva. Kwa hivyo, wale mnaowacheka makanga wetu wanaoruka-ruka mlangoni wakipiga kelele "Changamwe, Magongo!", kumbukeni kwamba huenda mioyo yao ni mizima kuliko ya dereva aliyestarehe kitini.

MAZOEZI HUFANYAJE KAZI?

Jirani yetu mmoja alibisha sana juu ya hili. Alisema, "Nikikimbia nausikia moyo wagonga kama ngoma ya chakacha. Mazoezi yatapunguzaje presha na mimi nasikia yapandisha?"

Swali lake lina akili. Ni kweli kwamba wakati unapofanya mazoezi namba ya juu hupanda, kwa sababu misuli inadai damu zaidi. Lakini ukishapumzika presha hushuka, tena hushuka chini ya pale ilipokuwa kabla hujaanza, na inaweza kubaki chini kwa saa nyingi, hata siku nzima kwa wengine. Ukirudia kesho na kesho kutwa, mwili hujizoeza na kushuka huko kunakuwa desturi.

Yanayotendeka ndani ni haya:

Kwanza, moyo ni msuli. Ukizoezwa huwa na nguvu, na kila pigo husukuma damu nyingi zaidi. Basi wakati wa mapumziko hauhitaji kupiga mara nyingi.

Pili, mishipa hulainika. Damu inapopita kwa kasi wakati wa mazoezi, kuta za mishipa hutoa kemikali iitwayo nitriki oksaidi ambayo huiambia mishipa ilegee na kupanuka. Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1998 kwa kugundua kazi ya kemikali hiyo. Wewe unajua mpira wa kumwagilia maua: ukiubana kwa kidole maji hutoka kwa nguvu, ukiuachia hutoka taratibu. Mishipa nayo ni hivyo hivyo.

Tatu, neva zinazouharakisha moyo na kuibana mishipa wakati wa hofu na hasira hutulia.

Nne, uzito hupungua. Madaktari hukadiria kwamba kila kilo moja inayotoka kwa mtu mnene hushusha presha kama milimita 1.

Je, yote hayo hushusha namba ngapi? Kwa mwenye presha, mazoezi ya kutembea haraka, kukimbia au kuendesha baiskeli hushusha namba ya juu kwa milimita 5 hadi 8 hivi. Usizidharau. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba kushusha namba ya juu kwa 5 tu kwa kutumia dawa hupunguza hatari ya kiharusi, moyo kushindwa na mengineyo ya aina hiyo kwa karibu 10 katika 100. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

KIPIMO CHA DAWA HII

Kila dawa ina kipimo chake. Panadol huwezi kumeza moja kwa mwezi ukatarajia kichwa kipone. Mazoezi nayo ni vivyo hivyo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2020: mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Dakika 150 ukizigawa ni nusu saa kwa siku 5. Ya wastani ni yapi? Ni yale ambayo unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kumwimbia. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuzungumza, hayo ni makali. Na angalau siku 2 kwa wiki kuwe na mazoezi ya kutia misuli nguvu.

Hapo hapahitajiki klabu ya kulipia. Kutembea haraka kunatosha. Aliye mjini ana njia ya bahari ya Mama Ngina, iliyofanyiwa ukarabati mwaka wa 2019. Wa Mji wa Kale ana vichochoro hadi Fort Jesus, na nyumba za kale zenye ngazi zilizosimama wima kama mnazi. Sisi wa Kibarani tuna daraja la Makupa lililofunguliwa mwaka wa 2022 na upepo wa bahari wa bure. Wazee wanakumbuka jaa la taka lililokuwa hapa, ambalo lilifungwa kati ya mwaka wa 2018 na 2019 na mahali pakapandwa miti. Zamani mtu alipita Kibarani ameziba pua. Leo hana kisingizio.

Akina mama wengine husema kukimbia barabarani na buibui hakupendezi. Basi na wajue kwamba kucheza chakacha na lelemama ni mazoezi. Kuruka kamba uani ni mazoezi. Kufua ndoo tatu za nguo kwa mikono ni mazoezi. Wako wanaotembea vikundi vikundi baada ya sala ya alfajiri, na mazungumzo huwasahaulisha uchovu.

Kuna aina moja itakayowachekesha. Mwaka wa 2023 wachunguzi walikusanya majaribio 270 ya watu zaidi ya 15,000 ili kuona ni mazoezi gani yanayoshusha presha zaidi. Kutembea na kukimbia kulishusha namba ya juu kwa kama 4.5. Yaliyoshinda yote, kwa kama 8, ni mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea, na hasa kuegemeza mgongo ukutani na kukunja magoti kana kwamba umeketi kitini, na kiti hakuna. Wanafunzi wenzangu, si mnakijua kiti hicho? Ndiyo ile adhabu ya wachelewaji! Kumbe walimu walikuwa wakitutibu. Katika majaribio hayo mtu hukaa hivyo dakika 2, hupumzika, hurudia hadi mara 4, siku 3 kwa wiki. La muhimu ni kuendelea kupumua, usizuie pumzi.

BABA NA DARAJA LA MAKUPA

Sasa niwaeleze niliyoyaona kwa macho yangu. Babangu ni dereva wa trela. Hubeba makontena kutoka bandarini hadi Nairobi, na wakati mwingine Malaba. Huketi saa kumi kwa siku, akila chipsi na nyama choma njiani, Voi au Mtito Andei. Mwezi wa Machi alipopimwa aliambiwa ana 164 juu ya 100. Siku ya pili ikawa vile vile. Daktari akampa kidonge kimoja kila siku na kumwambia atembee.

Baba hakukubali. Alisema, "Mimi siumwi popote. Mtu mzima mwenye watoto nitazunguka barabarani kama kuku aliyepotea?" Nyanya alikuwa ameketi kwenye mkeka wake. Akamwambia, "Mwanangu, mimi sikuambiwa. Wewe umeambiwa."

Baba hakujibu neno. Kesho yake alfajiri nikasikia akitafuta raba zake.

Siku ambazo hana safari tulitembea pamoja kabla sijaenda shule, kutoka nyumbani, juu ya daraja la Makupa, kisha tukarudi. Wiki ya kwanza tulikwenda dakika 10, baba akihema. Mwezi wa pili tulifika dakika 35 na mimi ndimi niliyeambiwa niharakishe. Akiwa safarini huzunguka uwanja wa kuegesha malori mpaka nusu saa iishe, na madereva wenzake waliomcheka mwanzoni sasa wako wawili wanaomfuata. Mama naye akaificha chupa ya chumvi kabatini, maana baba alikuwa na tabia ya kuimwaga chumvi kabla hajaonja. Mwezi wa Juni alipimwa 148 juu ya 92. Mwezi wa Septemba, 136 juu ya 86.

Hapo ndipo palipotokea hatari. Baba alifurahi, akatangaza kwamba amepona na vidonge sasa basi. Mama alimsihi amwone daktari kwanza. Daktari akamwambia, "Mzee, namba hizi zimeletwa na vidonge na miguu pamoja. Ukimfukuza mmoja, hatujui mwingine ataweza mzigo peke yake." Akasema watatazama kwa muda, na kidonge kikipunguzwa kitapunguzwa na yeye, hatua kwa hatua, huku wakipima.

Nimeyaandika haya kwa sababu hapa mtaani nasikia watu wakisema mazoezi ni badala ya dawa. Wako ambao presha yao imepanda kidogo tu na daktari huwaambia waanze na mazoezi na chakula kwa miezi kadhaa kabla ya vidonge. Wako ambao wanahitaji vyote viwili. Anayejua wewe ni yupi ni yule aliyekupima. Kuviacha vidonge ghafla kunaweza kuirudisha presha juu.

TAHADHARI CHACHE

1. Ambaye namba yake ya juu ni 180 na zaidi, au ya chini ni 110 na zaidi, asianze mazoezi makali mpaka daktari amruhusu.

2. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika kuliko kawaida, simama na utafute msaada.

3. Anza pole pole. Mwenda pole hajikwai.

4. Jua letu la Mombasa si la mchezo. Tembea asubuhi au jioni, na uwe na maji. Mwezi wa Ramadhani wengi huona nafuu kutembea usiku baada ya kufuturu.

5. Mazoezi hayafuti madhambi ya sahani. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ile iliyo ndani ya papa, ng'onda, achari na krispi. Ndizi, mchicha, maharagwe na matunda yana potasi inayosaidia. Sigara huharibu mishipa, na miraa na muguka huupeleka moyo mbio na kupandisha presha.

6. Kabla ya kupimwa, keti utulie dakika 5, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, na usiongee. Ukipimwa huku wapiga domo, namba itasema uongo.

NA SISI WANAFUNZI?

Mwongozo ule ule wa mwaka wa 2020 unasema watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji kwa wastani dakika 60 za mazoezi kila siku. Sisi wa shule ya kutwa hujidanganya kwamba tunatembea. Lakini hesabu wangapi huja kwa matatu, na wangapi hutumia saa ya chakula cha mchana wakiwa wameketi na viazi karai mkononi.

Walimu wetu wapendwa mtanisamehe, nasema kwa heshima na taadhima. Kipindi cha mazoezi ya viungo kimo kwenye ratiba, lakini mtihani ukikaribia hugeuka kuwa cha hisabati. Twawaomba mtuachie hicho kimoja. Mishipa tunayoijenga sasa ndiyo tutakayozeeka nayo. Tena nanyi walimu mje uwanjani, maana kuketi kusahihisha madaftari mia na hamsini si kazi ya miguu.

Kabla sijaiweka kalamu yangu chini nina ombi moja kwa kila atakayeusoma ukurasa huu. Ukifika nyumbani leo jioni, muulize babako, mamako, au yeyote anayekulea, "Mara ya mwisho ulipimwa presha lini?" Akisema hajawahi, mtoe Jumamosi mwende zahanati. Na mwende kwa miguu.